Friji Yako Inapiga Kelele? Isikilize Kabla ya Kulipa



Stima imerudi saa nane za usiku. Taa ya veranda inawaka, feni inaanza kuzunguka, na kule jikoni friji inaamka: inanguruma, inagongagonga, kisha inatulia kwa mtikisiko unaosikika hadi chumba cha jirani. Unageuka kitandani ukijiambia utaiangalia kesho. Kesho inafika, friji inapoza kama kawaida, na jambo hilo linasahaulika mpaka siku unapofungua mlango na kukuta maziwa yamechacha na samaki ananuka.

Hapa kwetu Pwani friji si pambo la nyumba. Ndani yake mna chakula cha wiki, maziwa ya mtoto na, kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari, dawa ya insulini. Kwa mama anayeuza barafu na juisi ya ukwaju, mna mtaji wake wote. Friji kama hiyo ikianza kelele, mara nyingi mwenyewe hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huipuuza hadi ife, ama humwita mtu wa kwanza anayejiita fundi, akaambiwa "gesi imekwisha" na kulipia kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Makala haya yanaeleza njia ya tatu. Kelele ya friji huonyesha mahali penye hitilafu. Ukijua inatoka wapi na inatoka wakati gani, utaweza kurekebisha nyingi ya kelele hizo mwenyewe bila gharama. Zile chache zinazohitaji fundi, utazijua mapema kabla hazijaua friji.

Friji hufanya kazi vipi?

Nyuma ya friji, chini kabisa, kuna chungu cheusi cha chuma. Hicho ndicho kompresa. Ndani yake mna mota inayosukuma gesi kupitia mabomba membamba. Gesi hiyo huchukua joto kutoka ndani ya friji na kulitoa nje kupitia koili, yaani mabomba yaliyokunjwakunjwa mgongoni mwa friji. Ndiyo maana mgongo wa friji huwa na joto. Katika friji nyingi za kisasa koili hizo zimefichwa ndani ya ubavu, na ndiyo sababu ubavu nao hupata joto.

Friji ndogo ya mlango mmoja, ile inayojaza barafu kwenye kisanduku cha juu, kwa kawaida haina feni. Sauti zake karibu zote hutoka kwenye kompresa na mabomba. Friji kubwa isiyoganda barafu ina feni ndani ya sehemu ya kugandishia, na baadhi zina feni nyingine karibu na kompresa. Hizi zina sehemu nyingi zinazozunguka, kwa hiyo zina sauti nyingi zaidi. Kabla ya kuanza uchunguzi, jua friji yako ni ya aina gani.

Sauti zisizo na shida

Kuna sauti ambazo friji nzima kabisa huzitoa. Usilipe mtu kwa sababu ya hizi:

- Mvumo wa chini na wa kuendelea kompresa inapofanya kazi.
- Sauti kama maji yanachuruzika au kuchemka polepole, hasa kompresa inapozima. Hiyo ni gesi na mafuta yakipita kwenye mabomba.
- "Tak" moja kompresa inapowaka au kuzima. Ni swichi ya kupimia baridi ikifanya kazi yake.
- Mpasuko mdogo wa mara mojamoja. Plastiki na chuma hutanuka na kunywea kwa joto na baridi.
- Mtikisiko mfupi kompresa inapozima, usiozidi sekunde moja au mbili.

Alama ya hatari ni mabadiliko. Friji iliyokuwa kimya mwaka mzima kisha ikaanza kugonga inataka kuangaliwa, hata kama bado inapoza. Friji ambayo tangu uinunue huvuma vilevile, na baridi yake ni nzuri, iache.

Kabla ya kugusa chochote

Chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi. Hakikisha mikono na sakafu ni mikavu, na uvae viatu. Watoto wakae mbali. Ukitaka kuvuta friji kutoka ukutani, tafuta mtu wa kukusaidia, wala usiilaze.

Na kuna onyo moja lisilohusu sauti. Ukigusa mwili wa friji ukahisi stima inakutekenya, hata kidogo, zima stima hiyo kwenye swichi kuu ya nyumba kisha chomoa friji, na usiitumie tena. Kutembea na viatu vya raba si dawa. Huenda waya wa ndani umechubuka au nyumba haina waya wa ardhini unaofanya kazi. Mwite fundi wa stima mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli akague friji, soketi na waya wa ardhini. Hewa yetu ya chumvi hula chuma na viungo vya waya upesi, kwa hiyo tatizo hili lisichukuliwe kuwa dogo.

Hatua ya kwanza: tafuta sauti inatoka wapi

Ngoja friji iwe inapiga kelele, kisha fanya majaribio haya manne. Hayahitaji kifaa chochote.

1. Weka kiganja juu ya friji, kisha ubavuni, na ukandamize kidogo. Kelele ikipungua, friji haijakaa sawa au kuna kitu kinachoigusa.

2. Ondoa kila kitu kilicho juu yake: sufuria, redio, trei ya mayai. Fungua mlango utenganishe chupa na mitungi inayogusana. Watu wengi hugundua hapa kwamba mgonjwa hakuwa friji bali chupa mbili za soda.

3. Kama friji yako ina feni ndani, fungua mlango wa sehemu ya kugandishia. Katika friji nyingi feni husimama mlango ukifunguliwa. Kelele ikikatika papo hapo, shida iko kwenye feni hiyo. Ikiendelea, tafuta nyuma.

4. Simama nyuma au ubavuni mwa friji usikilize karibu na sakafu. Kelele ikianza na kukoma pamoja na kompresa, chanzo ni kompresa, mabomba yake, trei ya maji au feni ya nyuma.

Ukimaliza hapo utakuwa na jibu la nusu ya kazi. Sasa tazama kila sauti na dawa yake.

Mtetemeko na kugongagonga

Hii ndiyo kelele inayosikika zaidi, na mara nyingi ndiyo rahisi kuondoa. Sakafu za saruji katika nyumba nyingi za kupanga hazijanyooka, na friji ikisimama kwa miguu mitatu, kila mara kompresa inapofanya kazi mguu wa nne hugonga sakafu.

Shika friji kwenye kona za juu na uitikise polepole. Ikicheza, angalia miguu ya mbele. Kwa kawaida huzungushwa kwa mkono au kwa spana ili kupanda na kushuka. Izungushe hadi friji itulie kabisa. Acha mbele pawe juu kidogo kuliko nyuma, ili mlango ujifunge wenyewe ukiuachilia. Kama mguu umevunjika, weka kipande cha mbao ngumu au kigae bapa. Usitumie karatasi iliyokunjwa, maana hulowa na kubonyea.

Kisha tazama nyuma. Friji haifai kugusa ukuta. Acha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 nyuma yake, na nafasi kidogo juu na ubavuni. Nafasi hiyo huondoa kugonga na pia hupitisha joto nje.

Chini karibu na kompresa au juu yake kuna trei ndogo ya plastiki inayokusanya maji. Ikilegea hutoa mlio mkali wa kukereketa. Isukume hadi ikae mahali pake. Angalia pia kama bomba jembamba linagonga mwili wa friji au bomba jenzake. Likigonga, pachika kipande kidogo cha raba au sponji katikati. Usilikunje wala kulivuta bomba. Likipasuka gesi yote itatoka, na kazi iliyokuwa ya bure itageuka kuwa ya maelfu ya shilingi.

Mvumo mkubwa usiokoma

Friji inayovuma mchana kutwa bila kupumzika inahangaika kutoa joto. Sababu ya kwanza ni vumbi. Koili za nyuma zikifunikwa na vumbi, nyuzi za nguo na utando wa buibui, joto halitoki, na kompresa hulazimika kufanya kazi muda mrefu zaidi. Tokeni nazo huisha haraka.

Chomoa plagi, vuta friji, na usugue koili kwa brashi laini kutoka juu kwenda chini. Kama kuna feni ya nyuma, futa mapanga yake kwa kitambaa kikavu na uhakikishe hakuna mfuko wa plastiki, karatasi au panya aliyekwama. Usimwage maji huko nyuma. Fanya kazi hii kila baada ya miezi 6, na kila baada ya miezi 3 kama unaishi kando ya barabara ya vumbi au unafuga kuku karibu na nyumba.

Sababu ya pili ni raba ya mlango. Chukua noti ya shilingi 50, ibane kati ya mlango na mwili wa friji, kisha ivute. Ikitoka bila kuzuiwa, hewa ya joto inaingia hapo. Rudia pande zote nne. Mara nyingi raba imechafuka tu: ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, hasa kwenye mikunjo. Kama imepinda, kitambaa kilicholoweshwa kwa maji moto, kikikandamizwa juu yake dakika chache, huirudisha katika umbo lake. Kama imechanika, raba mpya hupatikana na huwekwa bila kufungua mfumo wa gesi.

Sababu ya tatu ni sisi wenyewe. Kuweka sufuria ya maharagwe ya moto ndani ya friji, kuifungua kila dakika, kuisimamisha kando ya jiko au mahali jua linapoingia dirishani, na kuzungusha kidude cha baridi hadi namba ya mwisho wakati wote. Katika friji nyingi namba kubwa ndiyo baridi kali. Namba ya katikati hutosha siku nyingi.

Kukwaruza au mlio mwembamba kutoka ndani

Kama jaribio la tatu limeonyesha kwamba kelele inatoka kwenye feni ya ndani, chanzo mara nyingi ni barafu iliyojijenga hadi mapanga ya feni yakaigusa. Husikika kama kadi inayokwaruzwa kwenye magurudumu ya baiskeli.

Hamisha chakula, chomoa plagi, fungua milango yote na uache barafu yote iyeyuke. Friji isiyoganda barafu huficha barafu nyuma ya ukuta wa plastiki, kwa hiyo huenda ikahitaji usiku mzima au hata saa 24. Bakuli la maji moto ndani huharakisha kazi. Weka matambara sakafuni.

Usichokore barafu kwa kisu, bisibisi au kijiko. Kisanduku cha barafu cha friji ndogo kina mabomba ya gesi ndani ya kuta zake nyembamba, na tundu dogo kama la sindano linatosha kuimaliza friji. Katika friji ya aina hiyo, yeyusha barafu kila inapofikia unene wa nusu sentimita hivi, wala usingoje mlango wa kisanduku ushindwe kufunga.

Kama kelele imeondoka kisha ikarudi baada ya wiki chache, kagua raba ya mlango tena. Ikiwa nzima, kifaa cha ndani cha kuyeyushia barafu huenda kimeharibika. Hapo ni kazi ya fundi. Na kama feni inalia hata pasipo barafu, imechakaa na inafaa kubadilishwa. Feni hubadilishwa bila kugusa gesi.

"Tak", mvumo mfupi, "tak" tena

Hii ndiyo sauti usiyopaswa kuilaza. Friji inavuma sekunde chache, inatoa "tak", inanyamaza dakika kadhaa, kisha inarudia. Wakati huohuo baridi inapungua. Maana yake ni kwamba kompresa inajaribu kuwaka na kushindwa. Ikishindwa hupata moto, na kidude cha ulinzi hukata stima kuiokoa. Kila jaribio huichosha zaidi.

Zima friji mara moja na uchomoe plagi. Ngoja dakika 10. Kama ilikuwa kwenye waya mrefu wa kuongeza soketi, hasa mwembamba na wenye vifaa vingine, iunganishe moja kwa moja ukutani. Taa za nyumba zikiwa hafifu au zikipepesa, stima ni ndogo, na kompresa haina nguvu ya kuanza. Stima ya nyumbani nchini Kenya inafaa kuwa volti 240. Usilazimishe friji kuwaka stima ikiwa hafifu. Ripoti kwa Kenya Power kupitia namba 97771 na usubiri.

Kama stima ni nzuri na friji bado inafanya hivyo, mwite fundi. Mwambie akague kwanza rilei ya kuwashia na kapasita, kama ipo. Ni vifaa vidogo vilivyobandikwa ubavuni mwa kompresa, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kompresa yenyewe. Anayekuambia "kompresa imekufa" kabla ya kupima vifaa hivyo viwili hajamaliza kazi yake.

Kugonga kwa nguvu, kama chuma kinapiga chuma, kompresa inapowaka au kuzima, kunaweza kuwa raba za miguu ya kompresa zimeisha. Hizo hubadilishwa. Lakini kama mlio uko ndani ya chungu chenyewe, springi za ndani zimelegea au kukatika, na chungu hicho hakifunguliwi kurekebishwa. Kelele hii huwapata wengi baada ya kuhama nyumba, friji ikiwa imelazwa kwenye mkokoteni au pikapu. Safirisha friji ikiwa imesimama. Kama ililazwa, isimamishe na uiache hadi siku ya pili kabla ya kuiwasha, ili mafuta yarudi ndani ya kompresa.

Stima inayokatika na kurudi

Kompresa inapozima, gesi upande mmoja wa mabomba bado imebanwa kwa nguvu. Inahitaji dakika chache kusawazika. Stima ikikatika na kurudi hapohapo, kompresa hulazimika kuanza huku ikisukuma ukuta. Ndiyo maana friji hunguruma na kugonga stima inaporudi.

Kwa hiyo stima ikipotea, chomoa friji. Ikirudi, subiri angalau dakika 5 kabla ya kuchomeka. Ukiweza, nunua kifaa cha kulinda friji, kile kinachochomekwa kati ya plagi na soketi. Hukata stima inapopanda au kushuka kupita kiasi, na huchelewesha kuirudisha kwa dakika chache. Kwa friji iliyo na mtaji wa biashara ndani, kifaa hicho si anasa.

Mahali pa kusimama

Mambo yote tuliyotaja ya kufanya nyumbani yako nje ya mabomba ya gesi na nje ya waya. Ukifika hapo, simama. Friji nyingi za sasa hutumia gesi inayoandikwa R600a kwenye kibandiko cha kompresa. Haidhuru anga kama gesi za zamani, lakini inashika moto. Ukitoboa bomba kwa bahati mbaya na kusikia mvuke ukitoka, fungua madirisha na milango, usiwashe kiberiti wala jiko, usiguse swichi yoyote, na mtoe kila mtu nje. Nyingine hutumia R134a, ambayo haishiki moto, lakini ikiachiliwa hewani huchangia joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi.

Na hapa tuseme jambo litakalookoa pesa za wengi: gesi ya friji haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda miaka rudi. Gesi ikipungua, kuna tundu. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta na kuziba tundu amekuuzia miezi michache tu, na atarudi kukuuzia tena. Halafu, gesi ikipungua dalili yake kubwa ni baridi kupungua, wala si friji kupiga kelele. Friji inayopoza vizuri lakini inagonga haina shida ya gesi.

Ukimwita fundi

Mweleze umesikia nini, wapi na wakati gani. Mteja anayesema "inagonga kompresa inapozima, na miguu nimeshasawazisha" hadanganywi kirahisi. Kisha:

- Uliza kama ana cheti cha ufundi wa majokofu, kwa mfano cha majaribio ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, na kama duka lake lina leseni ya biashara ya kaunti.
- Taka bei kabla ya kazi, na ujue malipo ya kukagua peke yake ni kiasi gani.
- Taka kuonyeshwa kifaa kilichotolewa.
- Pata risiti yenye tarehe, kazi iliyofanywa na muda wa dhamana.
- Kama friji bado iko chini ya dhamana ya duka, usiruhusu mtu mwingine kuifungua. Rudi dukani na risiti.

Kama matengenezo yanakaribia nusu ya bei ya friji mpya, na friji yenyewe ni kuukuu, fikiria kununua nyingine. Ukinunua, soma lebo ya nyota ya matumizi ya stima. Nyota nyingi maana yake ni tokeni chache.

Chakula na dawa friji inapozimwa

Usiache kuyeyusha barafu au kuita fundi kwa kuogopea chakula. Friji iliyofungwa hutunza baridi kwa saa 4 hivi. Sehemu ya kugandishia iliyojaa hutunza saa 48, na iliyojaa nusu saa 24, mradi mlango haufunguliwi. Nyama, samaki, maziwa na chakula kilichopikwa vikikaa kwenye joto la juu ya nyuzi 4 za Selsiasi kwa zaidi ya saa 2, usivionje kupima. Vitupe. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na haifai kuganda. Mpe jirani mwenye friji nzima akutunzie, na umwulize mhudumu wa afya ikiwa una shaka.

Friji iliyokufa kabisa

Kabla ya kuitoa nje, ng'oa mlango au ufunge kwa waya usiweze kufunguka. Mtoto akijificha ndani na mlango ukajifunga, hewa humwishia upesi na sauti yake haisikiki. Usiitupe kichakani, ufukweni wala mtaroni, na usichome plastiki na sponji yake kupata chuma. Usimruhusu mtu kukata mabomba ili kuuza shaba. Muulize msimamizi wa wadi yako mahali taka za vifaa vya stima zinapopokelewa.

Kwa ufupi

Inatetemeka ukikandamiza inatulia: sawazisha miguu, itenge na ukuta.
Inavuma bila kupumzika: safisha koili, pima raba ya mlango.
Inakwaruza ndani, ukifungua mlango inanyamaza: yeyusha barafu yote.
"Tak" na mvumo vinavyojirudia: zima sasa, kagua stima, ita fundi.
Inagonga ndani ya kompresa: ita fundi, usitarajie kazi ya bei rahisi.
Inakutekenya ukiigusa: zima kwenye swichi kuu, ita fundi wa stima.

Turudi kwa yule mama wa barafu na juisi. Friji yake ikianza kugonga leo usiku, ana majaribio manne ya kufanya kabla ya kutoa shilingi yoyote. Huenda akakuta mguu mmoja hauko sawa. Huenda akakuta kompresa inashindwa kuwaka, akaizima kwa wakati, akalipia rilei badala ya friji nzima. Kwa vyovyote, atakuwa ameamua yeye mwenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta: leo jioni, jikoni pakiwa kimya, simama dakika tano kando ya friji yako uisikilize.